Maswali ya Wasomaji: Zimwi, Shimo na Kamba ya Mwalimu

SWALI: Mhariri, nakuandikia kutoka Likoni, ninakofundisha Kiswahili katika shule ya upili. Juma lililopita, nikiwa kwenye foleni ya feri, niliona maandishi nyuma ya tuktuk: “Ukilitazama giza, giza nalo hukutazama.” Dereva aliniambia kuwa ni maneno ya Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani. Yamenikaa rohoni, kwa sababu mtaani kwetu wizi umezidi na mimi ni miongoni mwa wanaume wanaokesha kwa zamu. Usiku mmoja tulimkamata kijana aliyebeba mtungi wa gesi usio wake. Tulimmulika tochi za macho, watu wakajaa, na baada ya muda nikajikuta mimi ndiye niliyeshika kamba, wala sikumbuki nilipewa na nani. Wenzangu husema dawa ya moto ni moto. Je, huyu bwana anatuambia tufumbe macho, tulale?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Mwalimu wetu, dereva hakukosea kuhusu mwenye maneno, ila tuktuk imeyapunguza na kuyabadili. Yamo katika kitabu kilichotoka mwaka 1886, Jenseits von Gut und Böse, yaani “Ng'ambo ya Wema na Uovu”, fungu la 146, nayo ni sentensi mbili. Tungeziandika hivi: “Apiganaye na mazimwi na aangalie asije naye akawa zimwi. Na ukilitazama shimo kwa muda mrefu, shimo nalo hukutazama ndani yako.”

Utaona kwamba giza halimo. Neno alilotumia, Abgrund, ni mahali ardhi inapokatika ghafla mbele ya mguu: genge, au shimo ambalo jicho halifiki mwisho wake. Tofauti hiyo si ndogo. Giza humkuta mtu popote alipo, hata kitandani, na hana la kufanya ila kungoja kuche; shimo hulisogelea mwenyewe, akasimama ukingoni, akainama, akaendelea kuinama. Ndiyo maana maneno “kwa muda mrefu”, ambayo tuktuk imeyaacha, kwangu mimi ndiyo uzito wa sentensi nzima.

Hapa Kiswahili kina bahati. Katika sentensi ya kwanza Nietzsche anatumia kitenzi cha Kijerumani ambacho maana yake ni kutazama na pia kujihadhari, hivyo habari ya macho imekwisha kuanza kabla shimo halijatajwa. Sisi tunalo neno hilo hilo. Mama akimwambia mtoto “angalia!” barabarani, hamwambii astarehe na mandhari. Kwa hiyo anayekesha ana kazi mbili za macho: kumwangalia mwizi, na kujiangalia. Ya kwanza hufanywa kwa tochi, ya pili haina tochi.

Sasa wenzako na methali yao. Sipendi kuipuuza, maana wahenga hawakuitunga wakiwa wamelala. Lakini hebu mtazame mkulima anayezuia moto wa msituni kwa moto mwingine. Huchagua ukanda mwembamba mbele ya ule mkubwa, huukagua upepo kwanza, huweka watu wenye matawi mabichi kando yake, na ukanda ukishaungua, huuzima. Moto wake una mpaka, una saa yake ya kuzimwa, na una watu wasioutolea macho moto mkubwa bali huo huo wao mdogo. Akikosa hayo, shamba lina mioto miwili, na hakuna atakayejua nyumba iliteketezwa na upi. Methali basi haipingani na Mjerumani. Wanaoitaja usiku wa manane ndio hukata nusu yake, kama dereva alivyokata.

Wengi huzichukua sentensi zile mbili kuwa moja iliyorudiwa. Mimi sidhani. Ya kwanza inahusu vitendo: silaha na hila za zimwi, ukizizoea, zinakuwa zako. Ya pili haihitaji pigano lolote, kutazama tu kunatosha. Wewe ulimmulika kijana, ukamwona mtungi, miguu, uso. Yeye, kwa mwanga ule machoni, huenda hakuona hata mmoja wenu. Lakini kitu fulani usiku ule kilichungulia ndani yako kikakuta mkono uliokuwa tayari kupokea kamba. Hilo ndilo lililokusumbua hata ukatuandikia, wala si maandishi ya tuktuk.

Kuna watu watakaokuambia kwamba mwandishi alikuwa akijitabiria, kwa kuwa Januari 1889 aliugua akili mjini Turin, naye hakupona hadi alipofariki mwaka 1900. Hadithi hiyo inavutia mno, na kwa sababu hiyo naiogopa. Fungu hili limo katika sehemu ya misemo mifupi, na halina maelezo yoyote ya mwandishi pembeni yake. Nililo tayari kulisema ni dogo zaidi: ni maneno ya mtu aliyesumbuliwa na macho mabovu na maumivu ya kichwa, ambaye mwaka 1879 aliacha uprofesa wake Basel kwa sababu ya afya, na pengine mtu wa namna hiyo hajui kutazama ovyo.

Kuhusu kulala, hapana. “Apiganaye” hachekwi wala haambiwi arudi nyumbani. Pigano limechukuliwa kuwa lipo. Mna zamu za kukesha tayari. Wekeni na zamu ya pili: aliyemkamata mtoto wa watu asiwe yeye wa kumshika hadi polisi wafike, na mmoja wenu asimame nje ya duara, kazi yake iwe kuwaangalia ninyi. Kamba ibaki nyumbani.

Na ukimwona tena yule dereva, usimlazimishe kusahihisha. “Giza” ni kosa, lakini kwa barabara zetu, abiria gani atapanda chombo kilichoandikwa “shimo”?