Mkuu, usipande hilo basi, na hiyo ratiba ya zamu ichane

Mkuu, teremsha begi. Kwa ulivyoeleza, binti yako wa miaka 23 kapasuliwa tumbo juzi hapo Mbeya kwa sababu ya kidole tumbo kilichopasukia ndani. Daktari kawaambia operesheni imekwenda vizuri, ndugu wamegawana siku, kila siku mtu wake wa kumuuguza, na wewe kesho unarudi Makambako kuvuna viazi. Halafu ndiyo unauliza habari za chakula, za manesi kutokukwambia kitu, na kama umhamishie Muhimbili. Mimi nimekwama hapo kwenye viazi na zamu. Viazi haviozi kwa wiki moja ardhini, mkuu. Usaha unaoweza kujikusanya tumboni baada ya kidole tumbo kupasuka haungoji wiki.

Mimi ni wa Mafinga. Kijana wangu alikuwa na miaka 26 alipopata ugonjwa huo huo. Alishindia vidonge vya maumivu vya duka la dawa mpaka kikapasuka, akapasuliwa kwenye hospitali moja ya huku kwetu ambayo jina lake halitakusaidia. Daktari alifanya kazi yake. Nilipoambiwa imefanikiwa nikashusha pumzi, nikamwamini shemeji yangu, nikarudi kwenye mbao zangu.

Kuhusu huyo shemeji naomba nafasi kidogo. Ni mwenyekiti wa kudumu wa kamati za harusi na misiba, mtu ambaye ukipiga chafya anafungua grupu la WhatsApp na kuteua mhazini. Alinishika bega nje ya wodi akasema: "Kaka, kazi kubwa imekwisha. Sasa ni kulala na kupona. Nenda kazini, sisi tumejipanga." Na kweli walijipanga! Alichora jedwali lenye rangi, Jumatatu mpaka Jumapili, jina na namba ya simu. Aliniambia pia kwamba mzazi akikaa sana wodini manesi wanamchukia, na mgonjwa anadeka. Haya yote aliyajua kutoka wapi, sijui, maana kwa taaluma anauza vipuri vya pikipiki. Jedwali lilikuwa zuri, hilo simnyimi.

Sasa sikia jinsi lilivyofanya kazi. Shangazi wa Jumatatu aliona tumbo limejaa kidogo, akadhani tumbo lililopasuliwa ndivyo linavyokuwa. Binamu wa Jumanne alilikuta limejaa zaidi, lakini la jana yake hakuliona, kwa hiyo kwake lilikuwa tumbo tu. Wa Jumatano alimkuta ana kwikwi isiyokatika, akamnywesha maji kwa mafunda madogo. Wa Alhamisi alikuwa mzee wa kanisa. Akaona kijana anahema harakaharaka, akachukulia ni maumivu, akamwombea. Wote walikuwa watu wema, wote walikesha. Na kila mmoja alipotoka aliandika kwenye grupu: "Anaendelea vizuri, tuzidi kumwombea," ikifuatiwa na vile viganja viwili vilivyokutanishwa. Mimi huku Mafinga nasoma, naitikia amina, napima mbao.

Nikimpigia mwenyewe ananijibu, "Niko poa, mzee." Kijana wa kiume atakwambia yuko poa hata jeneza likiwa mlangoni.

Umeona shida iko wapi? Hakuna aliyezembea. Kila mmoja alimwona mgonjwa kwa mara ya kwanza. Ugonjwa unaokuja baada ya operesheni ya tumbo hauonekani kwa kumtazama mtu leo, unaonekana kwa kulinganisha leo na jana, na ile zamu nzuri ya rangi ilihakikisha hakuna hata mtu mmoja mwenye jana. Manesi nao wanabadilishana asubuhi, jioni na usiku, na wodi imejaa. Nesi wa usiku anamkuta mtu kalala kimya, anapita kwa yule anayelia.

Aliyemwokoa mwanangu ni mwanafunzi wa uuguzi, binti mdogo tu, aliyekuwa ananakili vipimo kutoka kwenye chati kwa ajili ya kazi yake ya chuo. Ndiye aliyesoma ule mstari wa mapigo ya moyo kutoka siku ya kwanza kwenda mbele: 88, 96, 110, 126. Akamfuata daktari wa zamu. Wakampiga utrasaundi, usiku ule ule wakamfungua tena. Usaha ulikuwa umejikusanya juu huko karibu na ini, unausumbua ule msuli wa kupumulia, na ndiyo ilikuwa siri ya kwikwi. Maji kwa mafunda madogo, kumbe.

Operesheni ya pili, chumba cha wagonjwa mahututi, oksijeni, dawa za sindano za bei ambayo sitaki kuikumbuka. Nilikuwa na shamba la paina ambalo bado lilihitaji miaka kadhaa kukomaa. Nililiuza miti ikiwa imesimama, kwa dalali aliyejua kabisa kwamba nina mgonjwa, na bei aliyonipa ilifanana na rambirambi. Mke wangu alikaa muda mrefu ananisalimia tu kama jirani. Shemeji alileta jedwali jipya la michango. Nalitunza mpaka leo, nitalitumia siku ya mazishi yake.

Kwa hiyo mkuu, kanuni yangu ni moja na sina nyingine: mtu mmoja, daftari moja, mpaka atolewe nyuzi. Ndugu wengine waje kusalimia, walete sabuni, wafue mashuka. Lakini anayemtazama asubuhi awe ndiye aliyemtazama jana jioni. Wodi ya wanawake usiku hutaruhusiwa wewe, kwa hiyo awe mama yake au dada yake, mmoja wao, asipokezane na mtu. Wewe tafuta chumba Mwanjelwa au lala kwa ndugu Uyole, uwe unaingia saa za kuona wagonjwa na kusoma daftari.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari. Asubuhi na jioni andikeni mapigo ya moyo kwa dakika, joto, anahema mara ngapi kwa dakika, mkojo kiasi gani, tumbo likoje. Nesi akipima, mwulizeni kwa upole, "Dada, imesoma ngapi?" Wengi wanakutajia. Kuhema unahesabu mwenyewe kwa saa ya simu akiwa hajui. Mtu mzima aliyetulia moyo wake unapiga kati ya 60 na 100, na anahema kati ya 12 na 20. Mkojo, kama ana mpira, mtu wa kilo 60 anatakiwa kupata angalau mililita 30 kila saa, na ile mifuko ina alama pembeni. Mapigo yanayopanda kila siku badala ya kushuka, kuhema kunakoongezeka, mkojo unaopungua, tumbo linalokaza, maumivu yanayozidi wakati yalipaswa kupungua, au mtu kuanza kuongea yasiyoeleweka: hapo hamsubiri kesho. Siku za hatari kwa tumbo la aina hii ni kuanzia kama ya tatu mpaka ya kumi hivi, yaani wakati ule ule ambao wewe ungekuwa shambani na jembe.

Na msidanganywe na mambo mawili. La kwanza, "hana homa." Paracetamol anayopewa kwa maumivu inashusha homa pia, joto linaweza kuonekana zuri huku ndani kunaungua. La pili, "presha iko sawa." Mwili wa kijana unajitetea sana, moyo unakimbia kuishikilia presha ibaki palepale, na ikija kushuka mmeshachelewa. Wangu presha yake ilikuwa ya kupongezwa mpaka jioni ile ile ya kufunguliwa tena.

Jambo jingine la kuandika ni kujamba. Cheka, lakini andika. Utumbo ukishikwashikwa na daktari wakati wa operesheni hulala, na dalili kwamba umeamka ni hewa kutoka chini. Mimi na heshima zangu zote, mzee wa baraza, nilikaa pembeni ya kitanda baada ya ile operesheni ya pili nikingoja mwanangu ajambe, na alipojamba nilimpigia simu mama yake kutangaza kama matokeo ya kidato cha nne. Hewa ikigoma kutoka huku tumbo linavimba na anatapika, mwite nesi hapo hapo.

Kwa nini hawakwambii kitu? Kwa sababu binti ni mtu mzima, taarifa ni zake. Mwambie yeye mwenyewe atamke mbele ya nesi na daktari kwamba baba na mama waelezwe. Kisha muwepo asubuhi wakati wa raundi, na msiulize "anaendeleaje?", kwa sababu jibu lake unalijua tangu utotoni. Semeni: "Daktari, jana jioni mapigo yalikuwa 92, leo asubuhi 118, na mkojo umepungua. Tatizo ni nini?" Akikujibu ni gesi tu, mwombe kwa adabu alishike tumbo lenyewe. Nesi asipokusikiliza, nenda kwa inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, na daftari mkononi. Ukienda na kelele utaambiwa utulie, ukienda na tarakimu watafungua faili.

Chakula: chochote kisichoruhusiwa na daktari kisivuke mlango, na shangazi yeyote mwenye hotipoti ya makande azuiwe getini. Mwinueni akae, atembee hatua chache mapema kadiri wanavyomruhusu, avute pumzi ndefu, maana kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni na kifua kuziba. Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800, na kumpitisha mtu mwenye mshono mbichi Mlima Kitonga kwa hofu yako tu sioni akili yake. Watu wanatoka Rukwa na Songwe kuja kutibiwa hapo Mbeya ulipo. Kulikuwa na swali la bima pia, nadhani. Wanaojua bima watakujibu, au nenda dirisha la ustawi wa jamii hapo hapo hospitali.

Viazi mpigie jirani avune kwa nusu kwa nusu. Kisha leo jioni, kabla saa ya kuona wagonjwa haijaisha, nunua daftari, umkabidhi mama yake, na uje uandike hapa mapigo yamesoma ngapi.