Muulize Bwana Shamba: Njegere zangu zinaozea ardhini

Nimepanda njegere mara mbili nyuma ya nyumba. Kwanza zimeota nne kati ya thelathini, safari ya pili hata moja. Nilikuwa naziloweka siku mbili ili ziwahi kuota. Nakosea wapi? Msomaji, Lushoto

Hizo siku mbili ndizo zimeziua. Mbegu ya njegere inataka maji ivimbe, lakini inapumua pia. Ikikaa majini muda mrefu hukosa hewa, na unapoifukia imeshaanza kuoza. Loweka jioni, panda asubuhi. Kama udongo una unyevu, panda zikiwa kavu.

Hata hivyo, fukua kwanza ulipopanda. Ukikuta mbegu imekuwa uji unaonuka, ni maji. Ukikuta maganda tu au hakuna kitu, ni panya au ndege, na dawa yake ni kufunika tuta kwa matawi ya miiba mpaka miche ichomoze.

Jaribu mbegu kabla ya kupanda. Kunja kumi ndani ya kitambaa kibichi, weka kivulini, hesabu baada ya siku saba. Zikiota nane, endelea; zikiota tano, panda mbili mbili; chini ya hapo nunua nyingine. Zilizopakwa dawa ya rangi usiwape hata kuku.

Kina kiwe sm 3 hadi 4, mbegu hadi mbegu sm 7, mstari hadi mstari sm 60. Udongo wa mfinyanzi uinulie tuta la sm 15. Mwagilia siku ya kupanda, kisha tulia: chukua udongo ufinyange kiganjani; ukishikamana, maji bado yapo. Miche hutoka kati ya siku ya 7 na ya 14, na baridi ikizidi huchelewa.

Zangu zimenipita kimo, majani mazito, maua ya kuhesabu. Niliweka mbolea ya kuku, nikaongeza urea. Msomaji, Njombe

Umezilisha majani. Njegere hujitafutia naitrojeni, chakula cha majani kilichomo pia kwenye urea, kwa msaada wa bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi, na ukizimwagia urea huacha kazi hiyo. Ng'oa mche mmoja taratibu, pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa cha waridi ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani bado au kimechoka. Acha urea kabisa. Msimu ujao debe moja la samadi iliyoiva kwa mita 4 za mraba linatosha.

Angalia na egemeo. Nyuzi za njegere za kujishikilia haziwezi kuzunguka mti mnene; zipe vijiti vyenye matawi au kamba za katani zilizolazwa kila sm 20. Mimea ikilaliana hewa haipiti, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, huanza majani ya chini kama vumbi la ngano.

Dar es Salaam zitakubali? Msomaji, Kinondoni

Zitaota, lakini joto litaangusha maua. Panda kunde.

Nimepewa pakiti ya mbegu za «sweet pea». Ni njegere tamu? Msomaji, Limuru

Hapana! Ni ua la kutambaa lenye harufu nzuri, na mbegu zake zina sumu. Mbegu zake ni ngumu, kwaruza ganda kidogo kwa msasa upande ulio mbali na kovu lake, kisha panda sm 2 hadi 3. Uziweke mbali na watoto na mbali na chupa ya njegere za jikoni.