Waulize Mafundi: Pima kwanza, piga tupa baadaye

Besi inakoroma freti za mwanzo

*Shikamooni mafundi. Napiga besi ya nyuzi nne kwenye kwaya hapa Majengo, Moshi. Tangu masika yaishe uzi wa E unakoroma kuanzia freti ya kwanza hadi ya nne, huku juu ni safi kabisa. Nimeambiwa freti zimepanda, zipigwe tupa zote. Nikubali?*
Mpiga besi wa kwaya

Marahaba. Usikubali. Freti, kile kipande cha chuma kinachokatiza shingo, ikishakatwa hairudi, na dalili ulizoeleza zinaielekea shingo zaidi kuliko freti. Mkoromo ukijaa kwenye freti za mwanzo tu, mara nyingi shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume, hivyo uzi unakosa nafasi ya kutikisika. Mti hucheza hewa inapobadilika, na kutoka masika kuingia kipupwe ni badiliko kubwa.

Tuni besi sawasawa kwanza, kwa sababu mvuto wa nyuzi ndio unaoipinda shingo. Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho, kisha ingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya uzi na kichwa cha freti ya 7 au ya 8. Ni fila geji ile ile wanayopimia vavu mafundi pikipiki, utaipata duka la spea. Kwa besi tunataka milimita 0.30 hadi 0.35, kwa gitaa la kawaida 0.20 hadi 0.25.

Ukikuta uzi umelalia freti, legeza trasrodi, kile chuma kilichofichwa ndani ya shingo. Zungusha kinyume cha saa, robo mzunguko tu, tuni upya, pima tena. Kabla ya kuongeza robo nyingine iache besi ilale usiku mmoja, maana mti haumalizi kujipanga papo hapo. Spana iwe saizi yake kamili: magitaa mengi ya Marekani hutumia inchi, ya Asia mengi milimita, na spana inayocheza itakula pembe za kichwa cha trasrodi. Ikigoma, usiitie nguvu. Trasrodi ikikatika, gharama yake si ya kuungaunga. Shingo ikikaa sawa, pima kimo cha uzi wa E juu ya freti ya 17: milimita 2.0 hadi 2.4.

Mkoromo ukibaki mahali pamoja tu, hapo freti inashukiwa, na si ile unayobonyeza bali iliyo mbele yake. Ukibonyeza ya 6 ikakoroma, ikague ya 7. Tafuta kipande cha chuma chenye ukingo ulionyooka kweli, kiguse freti tatu tu kwa mpigo. Kwa besi ya kawaida ya inchi 34, kipande cha sentimita 10 kinafaa freti za chini, na cha sentimita 6 kinafaa kuanzia ya 12. Kikipepea kama bembea, freti ya katikati imezidi.

Na hata hapo tupa isubiri. Ikandamize freti hiyo kwa kijiti cha mti mgumu. Chuma kikiacha kupepea, freti haijazidi kimo, imeng'oka kidogo kwenye mfereji wake. Paka nta ya mshumaa kwenye mti wa pembeni, dondosha supaglu nyepesi kama maji mfereji uinywe, kisha ibane freti kwa klempu na kijiti hadi gundi ikauke. Kama hakuna kilicholegea, ndipo uisawazishe freti hiyo moja peke yake.

Ncha za freti zinachoma kiganja

*Gitaa langu jipya lilikuwa laini, lakini tangu Januari pembeni mwa shingo pananikwaruza. Je, freti zimetoka?*
Kijana wa Njiro, Arusha

Freti hazijatoka. Mti umekauka ukapungua upana, na chuma hakipungui, basi ncha zikabaki nje. Kupaka mafuta hakuzirudishi ndani. Subiri katikati ya kiangazi, mti ukiwa umefika mwisho wa kupungua, bandika maskin tepu kwenye mti, kisha pitisha tupa bapa laini kwa urefu wa shingo mpaka ncha zilingane na ukingo. Malizia kila pembe kwa msasa namba 600 na 1000. Masika mti utavimba na ncha zitazama kidogo, haina madhara. Ukifanya kazi hii wakati wa mvua, Januari utairudia.

Freti zimechimbika

*Habari za kazi. Kwenye gitaa langu la umeme freti ya 2 hadi ya 5 zimechimbika chini ya nyuzi nyembamba, sauti imekuwa ya kuzizima. Zibadilishwe?*
Mpiga solo, Sakina, Arusha

Nzuri, ndugu. Inategemea kilichobaki. Freti mpya za saizi ya kati huwa na kimo cha milimita 1.1 hadi 1.2. Pima zako kwa verniya, kipimo cha kubana cha milimita, toa kina cha shimo kubwa kuliko yote. Kikibaki 0.7 au zaidi, zisawazishwe. Chini ya 0.6, badilisha.

Kusawazisha: toa nyuzi, nyoosha shingo kwa trasrodi hadi rula ndefu iguse freti zote, paka vichwa wino wa maka peni. Gundisha msasa namba 400 kwenye bomba la mraba la alumini la madirisha, la sentimita 40, ulilokwisha kulihakiki juu ya kioo kinene. Sugua kufuata njia za nyuzi, bila kukandamiza, na acha mara tu wino wa kila freti unapoguswa na mashimo yanapoisha.

Wengi huishia hapo, na hilo ndilo kosa. Kichwa kilichobaki bapa huufanya uzi uegemee ukingo wa mbele badala ya katikati, na noti zinatoka nje ya tuni hata ukirekebisha briji, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa. Paka wino tena, chonga mabega mawili ya kila freti kwa tupa ndogo ya pembe tatu ambayo kingo zake zimesuguliwa zikawa butu, hadi ubaki mstari wa wino wa nusu milimita katikati. Mstari huo usiuguse. Halafu msasa 600, 1000, 2000. Ukitaka kung'arisha kwa pamba ya chuma, ziba pikapu, zile sumaku za kunasa sauti, kwa tepu: vumbi la freti za nikeli halishikwi na sumaku, lakini chembe za pamba hiyo zitang'ang'ania humo.

Waya wa freti wa chuma cha pua

*Ni bora kuliko wa kawaida?*
Msomaji, Kiborloni

Unadumu zaidi, ila unakula tupa na plaizi za fundi, kwa hiyo malipo yatapanda. Wa kawaida ni shaba, zinki na nikeli, unachongeka kirahisi. Wowote utakaochagua, freti za zamani zipashwe moto kwa pasi ya solda kabla ya kung'olewa, la sivyo mti utabanduka vipande. Ukibanduka, omba vumbi la mpingo kwa wachongaji, lishindilie penye jeraha, dondosha supaglu. Mpingo ni ndugu wa roziwudi, mti mweusi-kahawia wa shingo nyingi, na kwenye shingo ya namna hiyo kiraka hakitaonekana sana.