Wanangu, msiisugue hadubini

Nasema tena, ninyi mnaoniletea hadubini za kale dukani, kwa sababu bado mwasugua. Hadubini ya shaba ya karne ya 19 haikutoka kiwandani ikiwa shaba tupu. Mafundi walikuwa wakiipasha moto kidogo, kisha wakaipaka vanishi ya shelaki, yaani utomvu wa wadudu, iliyoyeyushwa kwa spiriti. Vanishi hiyo ndiyo ile rangi ya dhahabu iliyokolea tunayoitafuta. Ikishatoka, imetoka.

1. Usisugue. Kuna kijana hapa Lamu, ana bidii na jicho zuri, alipata hadubini ya Leitz, kampuni ya Wetzlar, Ujerumani. Vanishi ilikuwa nzima karibu kote, ila pale vidole vilipozoea kushika gurudumu la kurekebishia. Akaipiga spiriti, akaisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba, akaniletea dukani inang'aa kama sinia la harusi, naye kafurahi kwelikweli. Nikaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Unga mweupe wa dawa ulikuwa umeganda ndani ya herufi za jina, kingo zake zimelika, na tarakimu ya mwisho ya namba ya kiwandani hujui ni 3 au 8. Na namba ndiyo hutuambia mwaka! Kusi ilipoanza kuvuma shaba ile ikashika madoa meusi, na kwenye mikunjo ukaota ukijani, maana hakuna tena cha kuikinga na chumvi. Mnunuzi aliyekuwa akiisubiri aliitazama akairudisha mezani bila hata kuuliza bei. Iliniuma mno, kwa sababu kitambaa laini kikavu na brashi ya manyoya vingetosha.

2. Lenzi kuingia kwenye hadubini si ushahidi kwamba ni ya hadubini hiyo. Hesi ya kukazia lenzi, yaani mikato kama ya skrubu, iliyowekwa kuwa kipimo kimoja mwaka 1858 na chama cha wanahadubini cha London, upana wake karibu milimita 20, ilienea kwa watengenezaji wengi. Soma jina kwenye kila lenzi.

3. Sanduku. Jamani, sanduku! Tundu lililo tupu kwenye kibao cha ndani ndilo litakalokwambia lenzi ipi imepotea. Angalia dumuzi, angalia kitasa, na kabla ya kulinyanyua kwa mpini wake hakikisha mlango umefungwa na mguu wa hadubini umekazwa. Na tafadhali, msiwapelekee mafundi wa milango walitie nakshi. Nawaheshimu mno mafundi wetu, lakini sanduku la mahogani la London ni la mbao zilizolainishwa, zisizochongwa, na maua ya Lamu yakishaingia hapo mkusanyaji hulikataa.

4. Masika huleta ukungu kwenye lenzi. Usilifunge sanduku likiwa na unyevu. Lipe hewa kivulini siku kavu za kaskazi.

5. Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Mgeni akitaka kuondoka nacho kwa ndege ya jioni, mwambie hivyo kabla hujapokea pesa yake.