Access kwa aliyezoea MySQL

Ndugu, kwa kuwa umeandika PHP (lugha ya kutengenezea tovuti) na MySQL (mfumo wa hifadhidata) kwa miaka mingi na sasa umekabidhiwa mfumo wa Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft yenye majedwali na fomu zake, usikimbilie kuandika msimbo. Fungua kwanza Northwind, hifadhidata ya mfano ya Access, uone fomu inavyofungamana na jedwali: mtumiaji akihamia rekodi nyingine, mabadiliko yameshahifadhiwa bila wewe kuandika UPDATE, amri ya kubadilisha rekodi, popote. Wazoefu wengi hukwama hapo, wakihangaika kufanya kwa mkono kazi ambayo fomu inaijua. Kwenye LIKE, sharti la kutafuta maandishi yanayolingana na kiolezo, kwa kawaida utatumia * badala ya % kuwakilisha herufi zozote. Na tafadhali sana, watumiaji wakiwa zaidi ya mmoja, majedwali yakae kwenye seva, fomu kwenye kompyuta ya kila mtu.