Usifuatilie Podi kwa Jina Lake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka ushauri wa kununua skrini ya tatu, kwa kuwa anasoma logi (kumbukumbu ambazo programu huandika zikiwa kazini) za makontena 12, yaani programu zilizofungashwa kila moja peke yake, kwa wakati mmoja na mbili alizo nazo hazimtoshi. Ujumbe wake ulinigusa kidonda, kwa sababu nami niliwahi kufungua madirisha manane, moja kwa kila podi (kifurushi cha kontena moja au zaidi), nikajiona fundi.

Usiku huo huduma yetu ya malipo ilikuwa ikikataa baadhi ya maombi, nami nilikuwa nimeendesha `kubectl logs -f`, amri ya kufuatilia logi zinapoandikwa, kwa jina la kila podi. Madirisha yaliponyamaza moja baada ya jingine, niliwatangazia wenzangu kwamba tatizo limekwisha. Kumbe Kubernetes, mfumo unaoendesha makontena yetu, ilikuwa imeziondoa podi hizo na kuweka nyingine zenye majina mapya, na makosa yalikuwa yakiendelea kumiminika huko ambako sikuwa na dirisha. Kishale cha kusubiri amri kilikuwa kimerudi kwenye kila dirisha, kikimetameta mbele ya macho yangu, nisikione. Mkuu wangu aliniuliza mbele ya wote kama ninajua ninachokitazama, na swali hilo sijalisahau.

Tangu hapo ninafuata lebo, yaani alama inayobandikwa kwenye podi zote za huduma moja, sifuati majina: `kubectl logs -f -l app=malipo --all-containers --prefix`, ambapo `--prefix` hutanguliza jina la podi na la kontena katika kila mstari. Nilipoijaribu mara ya kwanza ilinigomea, kwani huruhusu mikondo 5 tu ya logi kwa pamoja hadi uongeze kiwango kwa `--max-log-requests`. Hata hivyo, podi itakayozaliwa baada ya amri kuanza haitaingia katika mfuatano huo, na huo ndio mtego ulioninasa. Kwa hiyo nimehamia stern, zana ya kufuatilia logi ambayo hupokea lebo au sehemu tu ya jina, huzidaka podi mpya yenyewe, na huipa kila podi rangi yake.

Ndugu zangu, tuache kujivunia wingi wa madirisha. Fuata lebo, nasema tena, fuata lebo. Kontena likianguka na kuwashwa upya ndani ya podi ileile, `--previous` itakuonyesha lilichoandika kabla ya kufa. Podi ikishafutwa, amri hiyo haikusaidii, na sisi hatukuwa tukizihifadhi logi nje ya klasta, yaani kundi la kompyuta zinazoendesha podi. Mistari ya mwisho ya podi zangu nane sikuiona tena.