Tomahoki au kishoka cha kawaida?

Mdogo wangu, kama ni kambi za huku kwetu Rungwe na Mufindi, chukua kishoka cha kawaida. Tomahoki, yaani kishoka cha asili ya wenyeji wa Amerika, ni nyepesi, ndiyo, na mpini wake unaingizwa kwa juu kama wa jembe, kwa hiyo ukivunjika unachonga mwingine hukohuko porini bila kabari. Hilo nalisifia. Lakini bapa lake jembamba: linakata matawi vizuri, ila ukija kupasua gogo linanasa. Na Tukuyu kwa mvua ile kuni kavu utazipata ndani ya gogo tu, lazima upasue.

Tafuta kichwa cha gramu 600 hivi na mpini wa sentimita 40. Mpini ndio watu wengi wanaoupuuza. Angalia nyuzi za mti: ziende sambamba na mpini toka juu mpaka chini, pasiwe na kifundo. Ukiona umepakwa rangi nzito achana nao, rangi inaficha ufa (niliwahi kuuziwa wa hivyo, ukakatika siku ya pili). Chuma kijaribu kwa tupa: ikila kirahisi kama msumari, hicho ni laini, makali hayatakaa.

Ukipasua, piga magoti, gogo liwe juu ya kisiki. Ukisimama, kishoka kifupi kikikosa kinaishia kwenye muundi.

Ukienda Kitulo usihangaike na kishoka, kule ni hifadhi ya taifa, hukati mti. Beba jiko la gesi na blanketi zito, mwezi wa sita na wa saba kuna sakitu, umande unaganda.